Maji ya Mtama na Kitalu cha Tatu

Machi 10

Binti amenipa daftari hili jipya lenye jalada gumu, pamoja na kalamu mbili, kana kwamba moja nitaila. Kazi yangu, amesema, ni kuandika mvua tu. Kila asubuhi saa moja nisome kipimo alichokisimika uani, niandike tarehe na milimita, basi. Nikamwambia mimi sijui kuandika mvua tu, maana mvua ikinyesha kuna watu chini yake. Akacheka.

"Andika unachotaka, Mama Mkubwa, ila mvua usiisahau."

Haya. Mvua: hakuna.

Machi 11

Mvua: hakuna. Mawingu yalikuja, yakachungulia, yakaenda zake.

Machi 12

Mvua: 22. Hatimaye.

Binti anasema daftari hili litapelekwa kituo cha utafiti na kusomwa na watu wasionijua, kwa hiyo nijieleze. Mimi ni mjane wa miaka sitini na moja, mwenye shamba, na shamba langu ni safi. Sijisifu, muulizeni yeyote anayepita njia hii. Binti ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea tangu ana miaka tisa. Alisoma hadi akanipita, akaendelea hadi nikaacha kuuliza anasoma nini. Sasa ni mtafiti, na utafiti wake ni huu: mtama una sumu yake ya asili, unaitoa kwenye mizizi na majani ili mimea mingine isiusogelee. Yeye anataka kuitoa sumu hiyo kwenye mabua, aiweke kwenye maji, kisha apulizie magugu ya kwenye mahindi badala ya dawa ya dukani.

"Na mahindi yenyewe yatapona?" nilimuuliza.

"Hilo ndilo tunalokwenda kuona."

"Kwenye shamba langu."

"Kwenye shamba lako, Mama Mkubwa." Akanitazama kwa macho ya mamake, mtu ambaye sikuwahi kumnyima kitu.

Msimu uliopita alifanya jaribio hili kwenye shamba la kituo, jua likakausha kila kilichoota. Huu ndio msimu wake wa mwisho. Mwezi wa tano litakuja jopo la watu watatu kukagua. Wakiridhika, kazi itaendelea. Wasiporidhika, mradi unafungwa na yeye anarudi maabara kuosha chupa za wenzake. Alinieleza hayo akimenya viazi, kwa sauti ya kawaida kabisa, lakini kiazi alikimenya hadi kikabaki cha kumeza.

Machi 14

Mvua: 4. Tumepanda.

Amepima vitalu kumi na viwili, kila kimoja mita nne kwa nne, akavizungushia kamba na kuvipigilia vigingi vyenye namba. Vitatu vitapuliziwa maji ya mtama. Vitatu nitavipalilia kwa jembe, kazi ninayoijua. Vitatu vitapigwa dawa ya dukani. Na vitatu vya mwisho havitaguswa kabisa. Magugu yaote yanavyotaka, ili tujue bila kufanya lolote shamba lingekuwaje.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Yaachwe?"

"Yaachwe."

"Mpaka lini?"

"Siku arobaini na tano. Siku hiyo tutayahesabu."

Sijawahi kuacha gugu siku tano, sembuse arobaini na tano. Kisha akatoa vikaratasi, akavikunja, akaviweka kwenye kofia yake, akaniambia nimwokotee. Mtu mwenye shahada mbili anapanga shamba kwa kura! Kura ikaanguka vibaya: kitalu cha tatu, kilicho kando ya njia, kinachoonwa na kila apitaye, kikawa cha kuachwa. Nikamsihi abadilishe na cha kumi, kule nyuma kwenye migomba.

"Nikianza kuchagua, nitajipendelea bila hata kujijua," alisema, akaandika namba.

Nilikasirika. Lakini nikiwa naosha miguu nilimfikiria tena. Watu wengi ninaowajua wanajipendelea huku wanajijua.

Machi 17

Mvua: 11.

Machi 18

Mvua: 0. Mahindi yamechungulia. Magugu nayo hayakubaki nyuma.

Machi 26

Mvua: 7. Tangu juzi ua wangu umekuwa kiwanda. Binti amekata mabua ya mtama makavu vipande vidogo kama vya kulishia sungura, kilo moja kwa lita kumi za maji, akayaloweka siku nzima kwenye mapipa, akayachuja kwa kitambaa cheupe. Sasa anayachemsha kwenye sufuria langu kubwa la shughuli ili yapungue hadi yabaki machache, meusi, mazito. Harufu yake ni ya majani yaliyosahaulika kwenye gunia. Jirani yangu tunayemwita Redio, kwa kuwa habari hazilali kwake, alisimama kwenye ua akauliza tunapika nini. Nikamwambia uji. Akaondoka haraka.

Mchana Binti alipigiwa simu, akazungumza kidogo tu, na aliporudi maji yalikuwa yameshuka chini ya alama aliyoichora. Labda kwa upana wa kidole. Akayamwaga yote.

"Wewe!" nikapiga kelele. "Kazi ya siku mbili!"

"Yakizidi ukali, nitakuwa nimepima kitu kingine, si kile nilichosema napima."

Akaanza upya kukata mabua. Kiganja chake kina malengelenge, na juu ya kifundo ana alama ya kuungua. Nikachukua panga langu nikakaa upande wa pili wa gogo. Mamake alikuwa vilevile, akikosea anarudia tangu mwanzo wala hataki kuhurumiwa.

Machi 29

Mvua: hakuna. Siku ya kumi na tano tangu kupanda. Leo amepulizia kwa mara ya kwanza.

Alibeba bomba mgongoni tangu saa kumi na mbili na nusu, kabla upepo haujaamka, akapita mstari kwa mstari akihesabu hatua kwa sauti. Kwa vitalu vya dawa ya dukani alivaa glavu, miwani na koti la mpira, akaniamuru nikae mbali. Mimi dawa hiyo naijua. Miaka miwili iliyopita upepo uliitoa shambani kwa Redio ukaileta kwangu, mboga zangu zote zikawa kama zimemwagiwa maji ya moto. Na ajabu ni kwamba zamani ilikuwa inaua kila kitu, lakini siku hizi mchicha pori unaipokea, unainama siku mbili, kisha unainuka unaendelea na maisha yake.

Aprili 2

Mvua: 3. Hakuna kipya. Mgongo.

Aprili 5

Mvua: 0. Kuna kipya! Kwenye vitalu vya maji ya mtama, gugu la kishona nguo limegeuka manjano pembeni, na mchicha pori umedumaa, majani madogo kama ya kuchora. Mahindi yako sawa. Nilikimbia kumwita, nikasahau hata kuvaa viatu.

Yeye hakukimbia. Alichuchumaa, akatazama gugu moja moja, kisha akaniambia nitazame na ndago. Ndago imesimama kijani, haina habari.

"Ndago haisikii sana," alisema. "Lazima tuandike hilo pia."

"Tuandike kwanza yaliyonyauka," nikamwambia.

"Tuandike yote kwa pamoja, Mama Mkubwa."

Mimi ningekuwa nimeshapiga vigelegele. Huyu mtoto furaha yake anaipima kwanza ndipo anaitoa. Zamani nilidhani ni ubaridi wa kusoma sana. Sasa sina hakika.

Aprili 9

Mvua: 16. Vitalu vya kuachwa vimefurahi kuliko vyote. Kitalu cha tatu ni aibu tupu. Redio amepita akiwa na wenzake wawili, akasema kwa sauti ya mtu anayedhani ananong'ona: "Lakini yule mama si alikuwa na shamba?"

Aprili 10

Mvua: 5. Wamepita wengine. Nimejifanya hamnazo.

Aprili 13

Mvua: ilitishia tu. Upuliziaji wa pili. Tulikaa kwa muda wa saa tatu nzima tukitazama wingu moja lililokataa kuamua. Binti alikataa kupulizia hadi lilipoondoka, maana mvua ingeosha kila kitu. Nilimletea chai akainywa amesimama, bomba likiwa mgongoni. Nikamuuliza kwa nini asilitue. Akasema akilitua hatataka kulibeba tena. Ndiyo mara ya kwanza kusikia akikiri amechoka.

Aprili 16

Mvua: 2. Siku hizi nikitoka nyumbani napita njia ya nyuma, kwenye migomba, nisione kitalu cha tatu. Nazunguka kama mwizi ndani ya shamba langu mwenyewe.

Aprili 18

Mvua: 0. Kishona nguo cha kitalu cha tatu kimetoa maua. Baada ya maua ni mbegu, na mbegu zake zinang'ang'ania nguo, manyoya ya mbuzi, kila kitu. Zitasambaa hadi kwenye maharage yangu. Nilimwambia Binti. Akasema anajua, naye linamkera, lakini zimebaki siku kumi tu nivumilie. Kisha akapanda gari la kituo, ameenda maabara kuchukua mizani na mifuko ya kukaushia. Atarudi tarehe ishirini na mbili.

Aprili 20

Mvua: 0. Redio amekuja. Hakuja kusengenya. Alikuja na jembe begani, amejifunga kanga kiunoni, tayari kwa kazi.

"Jirani," alisema kwa upole, "mtu akiugua si aibu kusema. Mimi nipo. Hiki cha njiani nakimaliza kabla jua halijapanda."

Alikuwa na nia njema kabisa, na hapo ndipo iliponiuma. Nilimweleza ni utafiti. Akaitikia kwa kichwa, vile unavyomwitikia mgonjwa anayesema hana homa. Miaka arobaini nimelima mbele ya macho yao, na leo nahurumiwa.

Aprili 21

Mvua: hakuna. Kazi ndogo ndogo.

Aprili 22

Mvua: 6.

Nilichoandika jana ni uongo. Naacha maneno yale pale yalipo kwa sababu Binti amekataza kufuta kitu humu, lakini hapa naandika kilichotokea.

Jana alfajiri nilikwenda kitalu cha tatu nikakipalilia. Sikuchukua jembe, nisije nikasikika. Nilipiga magoti nikang'oa kwa mkono, gugu moja moja na mizizi yake, kutoka kona hadi kona. Nikajiambia natoa yenye maua tu. Kisha nikajiambia na haya ya pembeni. Baada ya hapo sikujiambia kitu, nilikuwa nang'oa tu, na kusema kweli ilikuwa raha. Saa tatu kitalu kilikuwa safi kama meza. Mahindi yalionekana yakipumua. Redio akapita, akainua mkono na kusema, "Ahaa, sasa nakuona!" Nami nikainua wangu, nimejaa kiburi. Magugu nikayabeba nikayatupa kwenye shimo la mboji, juu ya yale niliyotoa kwenye maharage. Nikanawa. Maji yalipogusa mikono ndipo akili iliponirudia nikaiona kazi niliyofanya.

Binti alifika leo saa nne. Nilimsikia akiongea na dereva, akicheka, kisha kicheko kikakatika. Nilitoka. Alikuwa amesimama mbele ya kigingi cha namba tatu, mizani bado iko mkononi.

"Shikamoo, Mama Mkubwa," alisema bila kugeuka.

"Marahaba." Nikasogea karibu. "Ni mimi."

"Najua. Hakuna mwingine anayepalilia hivi."

Ningependa angenigombeza. Mimi ningekuwa yeye, wanakijiji wote wangejua. Alitua mizani, akakaa kwenye ukingo wa kitalu, akaficha uso kwenye magoti. Mabega yalitikisika mara moja, au labda niliona hivyo kwa kuwa nilistahili kuona hivyo. Nikamwambia kila kitu: Redio, jembe, huruma, maua, raha niliyoipata. Raha nayo niliisema. Nikaomba radhi. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwomba radhi mtoto niliyemlea.

Akanyanyua uso. "Umeyatupa wapi?"

"Kwenye mboji. Pamoja na ya maharage."

"Yamechanganyika?"

"Yamechanganyika."

Akafumba macho. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu jana, nikaona nina kitu cha kutoa. Nikamwambia anifuate.

Kitalu cha tatu kiko kando ya njia, na walipoitengeneza njia hiyo walimwaga kifusi chekundu kilichoingia hadi shambani. Kwenye maharage udongo ni mweusi, unashika kama ulimbo. Nilitandika turubai, nikachukua gugu la kwanza shimoni, nikamwonyesha mizizi. Nyekundu, ina changarawe. Hili la kitalu. La pili, nyeusi. Hili la maharage. Lililooshwa na mvua ya leo asubuhi nilikuwa nalipima kwa urefu wa shina, maana magugu ya kitalu yalikuwa marefu, yamegombania mwanga, na ya maharage sijawahi kuyaacha yafike kifundo cha mguu. Yale niliyokuwa na mashaka nayo Binti aliyaweka pembeni, fungu la tatu.

Tulifanya hivyo hadi saa kumi na moja jioni. Alikuwa akiniuliza, mimi najibu, naye anaandika. Hii ikikatwa inarudi? Hii inaota kabla ya mvua au baada? Ndago hii ina viazi vingapi chini? Sijawahi kuulizwa maswali mengi hivyo na mtu aliyekuwa anataka kweli majibu. Tulihesabu mashina elfu moja, mia nane na kumi na manne, na yenye mashaka sabini na sita.

Nikafikiri tumeokoka. "Basi," nikasema, "si uandike tu kwamba ni ya siku ya arobaini na tano? Siku saba ni nini? Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe peke yako."

"Na kuna mama fulani mahali fulani, Mama Mkubwa, atakayefuata hesabu zangu, apulizie shamba lake, alitegemee. Huyo hatajua, na ndiyo maana siwezi." Akaandika: siku ya thelathini na nane. Akasema hesabu ya kitalu cha tatu itakaa peke yake, haitachanganywa na nyingine. Atabaki na vitalu viwili vya kulinganishia badala ya vitatu, na jopo linaweza kuukataa mradi wote kwa sababu hiyo tu.

Alisema "linaweza kuukataa" huku akiniondolea nyasi kwenye nywele.

Nimemlea mimi, ndiyo. Lakini hili sikumfundisha mimi. Mimi ningeandika arobaini na tano.

Aprili 23

Mvua: 0. Nimempelekea Redio ndizi, nikamweleza upya, taratibu, hadi akaelewa. Kisha nikamwomba awatangazie wengine. Ameifanya kazi hiyo kwa moyo wote.

Aprili 28

Mvua: 1. Siku ya arobaini na tano. Tumehesabu kwa fremu ya mbao ya mita moja kila upande. Vitalu viwili vilivyoachwa, wastani wa magugu mia na arobaini na mawili. Maji ya mtama, sabini na moja. Dawa ya dukani, thelathini na tisa. Jembe langu, kumi na manane.

Kwa hiyo ni nusu. Nilikuwa nimeshamwona akipewa cheti. Nikamtazama nione kama ameumia.

"Nusu," alisema taratibu, anatabasamu. "Kwa mabua ambayo watu wanayachoma moto!"

Mei 5

Mvua: 13. Kesho jopo. Binti amefua shati lilelile mara mbili.

Mei 6

Mvua: 0.

Walikuja watatu: mwenyekiti, ambaye ni bwana mrefu mwenye buti mpya; Profesa, ambaye ni mwanamke wa makamo anayetembea kwa fimbo; na karani wao aliyekuwa anaandika tu. Binti aliwatembeza kitalu kwa kitalu, akawaonyesha kilichonyauka, na bila kuulizwa akawaonyesha na ndago. Nilikuwa nyuma nimebeba daftari hili kifuani.

Kwenye kigingi cha namba tatu Profesa alisimama. "Hapa pana nini? Jedwali lako lina vitalu viwili tu vya kuachwa."

"Hiki kilipaliliwa siku ya thelathini na nane," alisema Binti. "Kosa ni langu. Sikumweleza vizuri mwenye shamba."

Miaka yote niliyokaa naye, huo ndio uongo pekee niliomsikia akisema.

"Si kweli," nikasema. Wote wakageuka. "Alinieleza vizuri sana, zaidi ya mara tatu, nami nikaelewa. Niliona haya mbele ya majirani nikakipalilia. Yameandikwa humu, na uongo wangu wa siku moja upo humu humu, someni."

Profesa alichukua daftari, akasoma amesimama, ameegemea fimbo. Alikaa kwenye ukurasa wa tarehe ishirini na mbili muda mrefu, na pale penye udongo mwekundu na mweusi alirudia kusoma kwa sauti. Akanirudishia daftari.

Mwenyekiti ndiye aliyeanza. Aliikunja karatasi ya hesabu. "Kazi ni safi, sikatai. Lakini tuseme ukweli, ni nusu tu. Dawa ya dukani imefanya vizuri zaidi, na jembe limezishinda zote. Nusu tu tutamwambia nani?"

Binti alifungua mdomo. "Ni nusu. Nikisema zaidi nitakuwa nadanganya." Nikaona anakwenda kushindwa kwa unyoofu wake huo huo, amesimama wima kabisa.

"Niambie mimi," nikasema.

"Samahani, mama?"

"Umeuliza utamwambia nani. Niambie mimi. Wewe ulishawahi kupalilia, bwana?"

Akakiri kwamba si sana.

"Dawa yako ya dukani miaka mitano nyuma isingebakiza hata matano kwenye fremu ile. Leo imebakiza thelathini na tisa, na kila msimu yanaongezeka, na mimi siwezi kula mboga inapopita. Jembe limeshinda, ndiyo, asante, jembe hilo ni mimi. Shamba hili lote hunichukua siku kumi na mbili nikiwa nimeinama. Magugu yakiwa nusu, ni siku sita. Unaona ni hesabu ndogo. Mama wa huyu binti alikuwa mdogo wangu. Alipalilia lake, akapalilia la mumewe, akapalilia ya watu ili huyu avae sare ya shule. Alikufa akiwa na miaka thelathini na minne, na alikuwa hawezi tena kunyoosha mgongo hata kitandani. Hata alipokufa tulimlaza kwa ubavu. Angepunguziwa nusu tu..."

Binti alikuja akanishika mkono. Hatukuwahi kulizungumza jambo la ubavu. Nilidhani hakuliona, alikuwa mdogo mno.

Profesa akamgeukia karani. "Andika hiyo ya siku sita."

Mei 7

Mvua: 0. Kimya.

Mei 11

Mvua: 8. Kimya. Binti anaosha mapipa yaliyokwisha kuoshwa.

Mei 19

Mvua: 3. Simu imelia tukiwa kwenye mahindi. Alisikiliza, akasema "ndiyo" mara nne na "asante" mara moja, akairudisha mfukoni. Kisha akakaa chini palepale, kwenye tope, na sketi yake nzuri.

Wamempa misimu miwili zaidi na mashamba sita. Sharti la Profesa ni kwamba vitalu vya kuachwa viwe vitano kila shamba, na kila shamba liwe na mwenye kuandika daftari kama hili. Nilipiga vigelegele hadi Redio akaja mbio. Binti naye alipiga, safari hii bila kupima kwanza.

Julai 9

Mvua: hakuna, msimu umekwisha. Tumevuna. Vitalu vya maji ya mtama vimetoa mahindi mengi kuliko vya kuachwa kwa debe zima na zaidi, ingawa vya jembe vimeongoza. Tumeandika yote kwa pamoja.

Leo Binti amenisomea ripoti kabla hajaipeleka. Sehemu kubwa sikuielewa, nikaipenda hivyo hivyo. Humo ameniweka kama mtunza kumbukumbu wa shamba, mbele ya watu wenye shahada zao, na ukurasa mzima umetoka kwangu, kuhusu magugu gani yanarudi na yapi hayarudi. Kisha akafika kwenye kasoro za utafiti, akapunguza sauti. "Kitalu cha tatu kilipaliliwa siku ya thelathini na nane na mwenye shamba, kwa mkono, bila idhini ya mtafiti."

Aliinua macho. "Naweza kuilainisha kidogo, Mama Mkubwa. Maana yake haitabadilika."

Nilimwambia aiache kama ilivyo, asiguse hata nukta. Ila kama kweli yeye ni mtu wa kuandika ukweli wote, aongeze kwamba kilipaliliwa vizuri.

Akachukua kalamu, akaongeza.